Mchana gari zima, usiku linazima

Gari likifa kabisa, kazi ya fundi huwa nyepesi. Haliwaki asubuhi, haliwaki jioni, na kila anayekuja kulitazama anaona ugonjwa ule ule. Linalotesa ni lile linalozima njiani, likapumzika dakika 10, kisha likawaka kama halijawahi kuumwa. Ukilifikisha gereji linaunguruma vizuri, na fundi anakutazama usoni kama wewe ndiye mwenye tatizo.

Familia moja inayoishi katikati ya mashamba ya chai wilayani Mufindi, mkoani Iringa, ilikaa na gari la namna hiyo kwa karibu mwaka mzima. Baba ni karani katika kiwanda cha chai na wiki nyingi hupangiwa zamu ya usiku. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Wana watoto wawili, na wa pili, mvulana wa miaka 6, ana selimundu.

Ugonjwa huo mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali huanza, mara kwenye miguu, mara mgongoni, mara kifuani. Baridi, upungufu wa maji mwilini na maambukizi ni baadhi ya mambo yanayoyachochea. Mufindi ina baridi ya kutosha, hasa Juni na Julai, ukungu unaposhuka juu ya chai na watu wakalala na mablanketi mawili.

Zahanati ipo karibu na nyumba yao, lakini mtoto akizidiwa anatakiwa kufika hospitali iliyoko mjini Mafinga, karibu kilomita 30, sehemu kubwa ikiwa barabara ya vumbi inayopita kwenye misitu ya kupandwa. Bodaboda zipo. Lakini kumpakia bodaboda saa 8 usiku mtoto ambaye adui yake ni baridi, ni kumwongezea ugonjwa njiani. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea gari.

Gari la babu, injini ya Noah

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1979. Babu wa watoto alilinunua Tanga likiwa limeshatumika, akalitunza kama ng'ombe wa maziwa, na kabla hajafariki dunia akamkabidhi mwanawe ufunguo. Watu wa umri wake hawahitaji kuelezwa gari hilo ni nini. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, yakatoka zaidi ya milioni 3, ikashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kwa miaka mingi magari hayo yaliunganishwa pia Kenya na Nigeria. Yalipendwa kwa sababu yalivumilia mashimo na mizigo.

Lakini injini ya zamani ilichoka. Ilianza kula oili, moshi ukawa mwingi, na vipuri vikawa vya kuagizwa kwa kubahatisha. Baba wa familia hakutaka kuliuza gari la baba yake kama chuma chakavu, na mshahara wake haukuruhusu kununua jingine. Akafanya wanachofanya wengi: akanunua injini ya Toyota Noah iliyotumika, ya cc 2,000, akaipeleka gereji ikafungwa ndani ya ile Peugeot.

Kazi ilikuwa nzuri. Gari likawa jepesi, mafuta likala kidogo, na vipuri vikapatikana kila duka. Kwa miaka miwili halikusumbua. Kisha likaanza kuzima.

Lilizima kwa namna moja. Lilianza kukosa nguvu mlimani, likashtuka mara mbili tatu, likakata moto. Mama akizungusha ufunguo, stata inazunguka kwa nguvu zote, injini haishiki. Anazima kila kitu, anakaa gizani, mtoto analia kiti cha nyuma. Baada ya dakika chache anajaribu tena na gari linawaka mara moja. Anatembea kilomita mbili, tatu, linazima tena.

Usiku mmoja wa Julai lilizima mara tatu kabla ya kufika lami. Mara ya tatu halikuwaka. Dereva wa lori la mbao alisimama, akawabeba mama na mtoto hadi mjini. Walifika hospitali alfajiri, mtoto akiwa na homa na maumivu ya kifua. Alilazwa siku tano, akapona. Daktari hakumlaumu mtu, ila alisema jambo moja ambalo mama hakulisahau: mtoto wa selimundu akiwa na homa au kifua kikimbana, asubiri hospitali, si nyumbani wala njiani.

"Wewe ndiye humjui gari huyu"

Ugomvi wa ndani ya nyumba ulianzia hapo. Baba aliliendesha gari lile karibu kila Jumamosi kwenda mjini kununua mahitaji, na halikuwahi kumzimia hata mara moja. Kwake jibu lilikuwa wazi.

"Mama watoto, gari hili nimekua nalo. Linataka mtu anayelijua. Unalikanyaga wakati halijapata moto, lazima likuzimie."

"Baba watoto, mimi siombi unisifu udereva," mkewe alimjibu. "Naomba uniamini ninachokuambia. Linazima."

Hakukosa kujaribu. Alilipeleka gereji mbili. Ya kwanza walilisikiliza, wakalizungusha mtaani, wakasema pampu ya mafuta inachoka. Ikanunuliwa pampu nyingine. Baada ya siku nane likazima. Wakabadilisha filta ya mafuta, kisha plagi. Likazima. Gereji ya pili wakasema koili ikipata moto inakata, wakafunga nyingine. Wakabadilisha na rilei ya pampu. Kila kifaa kilipofungwa gari lilikaa siku kadhaa bila shida, kila mtu akaamini limepona, halafu likarudia.

Hapa ndipo tatizo linalokuja na kuondoka linapowadanganya watu. Ukibadilisha kitu leo na gari lisizime kesho, huwezi kujua kama umeponya au ni siku yake tu ya kutozima. Fedha zinakwenda, vifaa vizima vinatupwa, na mwisho wa yote anayebaki na lawama ni dereva. Mafundi wote wawili walirudisha gari wakiwa na neno lile lile: "Mzee, gari zima."

Mama akaapa kutolipanda tena. Kiapo hicho hakikudumu, kwa sababu mtoto hakuacha kuumwa.

Daftari la kliniki

Mtoto alikuwa akihudhuria kliniki kila mwezi, na mara nyingi siku ya kliniki anakuwa mchangamfu, anacheza na watoto wengine kwenye benchi. Muuguzi alimwambia mama jambo ambalo wazazi wengi wa watoto wenye ugonjwa huo huambiwa: asitegemee kumbukumbu, aandike. Tarehe, saa maumivu yalipoanza, mahali panapouma, mtoto alikunywa maji kiasi gani siku hiyo, hali ya hewa, joto la mwili, dawa aliyopewa. Muuguzi alisisitiza aandike pia siku nzuri, si zile mbaya tu. Bila siku nzuri, alisema, hutajua siku mbaya ilitofautiana nini na nyingine.

Mama akanunua kaunta buku. Ndani ya miezi miwili daftari lilimwonyesha kitu ambacho hakukiona kwa macho: maumivu mengi yalifuata siku za baridi ambazo mtoto hakusikia kiu na hakunywa maji. Akaanza kumpa maji ya uvuguvugu na uji mwepesi kila anaporudi shuleni, asikie kiu asisikie.

Akiwa amekaa na daftari hilo jioni moja, akaligeuza nyuma, akapiga mistari kwa rula na kuandika vichwa vipya: tarehe, saa, mafuta kwenye tanki, injini ya moto au ya baridi, mvua au pakavu, mlima au tambarare, na vitu vilivyokuwa vimewashwa. Alikusudia kumwonyesha mumewe kwamba hasemi uongo. Akamwomba naye aandike safari zake za Jumamosi. Baba aliandika kwa shingo upande, neno moja kila safari: "Safi."

Kufikia Septemba kulikuwa na safari 19. Saba zilikuwa za kuzima, 12 zilikuwa safi.

Namna ya kusoma safari 19

Fundi wa tatu hakuwa na gereji kubwa. Alikuwa fundi umeme wa magari mwenye kibanda cha mabati mjini Mafinga, mzee wa maneno machache. Baba alipoanza kumweleza kwamba gari halina tatizo kubwa, ila mkewe analilalamikia, mama alimpa daftari.

"Shikamoo fundi. Naomba usome hapa kwanza, kabla hujafungua boneti."

"Marahaba, mwalimu." Alivaa miwani, akasoma ukurasa wote, akarudia. Kisha akaanza kuuliza, na kila swali lilifuta jambo moja.

Je, ni mafuta? Hapana. Gari lilizima tanki likiwa robo, likiwa nusu, na mara moja likiwa limejaa. Kama uchafu wa tanki ungekuwa unaziba bomba, au kifuniko cha tanki kingekuwa hakipitishi hewa, lingezima hata Jumamosi mchana, kwa kuwa barabara ni ile ile.

Je, ni joto la injini? Hapana. Mara mbili lilizima kilomita nne tu kutoka nyumbani, injini ikiwa bado haijapata moto. Na siku ambayo baba alikwenda hadi Iringa mjini na kurudi bila kupumzika, aliandika "Safi."

Je, ni mvua inayoingiza maji kwenye nyaya? Safari nne kati ya saba zilikuwa za mvua au ukungu, na hapo fundi alisita kidogo. Lakini tatu zilikuwa kavu, nyota zikionekana.

Je, ni usiku? Sita kati ya saba zilikuwa za usiku au alfajiri. Ya saba ilikuwa saa 5 asubuhi, mama akimrudisha mtoto kutoka hospitali. Na kulikuwa na safari moja ya usiku iliyoandikwa safi. Gari halijui saa, kwa hiyo usiku peke yake si sababu.

Fundi akaweka kidole kwenye safu ya mwisho, ile ya vitu vilivyowashwa. Safari zote saba zilikuwa na taa kubwa. Zote saba zilikuwa na waipa, au feni ya kupuliza kioo, au vyote viwili. Ile ya saa 5 asubuhi ilikuwa na ukungu mzito, mama akawasha taa na waipa mchana. Zile kavu za usiku zilikuwa na feni, kwa sababu pumzi za watu watatu ndani ya gari lililofungwa vioo zilitia ukungu kioo cha mbele. Na ile safari moja ya usiku iliyokuwa safi ilikuwa na taa peke yake: kulikuwa na mbalamwezi, kioo kikavu, feni haikuwashwa.

Safari za baba zote 11 zilikuwa za mchana. Hakuwasha taa, hakuwasha waipa, hakuwasha feni.

"Mzee, mkeo anaendesha vizuri," fundi alimwambia baba bila kuinua macho. "Ila yeye na wewe hamuendeshi gari moja. Wewe unaendesha la mchana."

Akaongeza kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Umeme lazima urudi

Kisha akaeleza anachokishuku, na maelezo yake yanamfaa yeyote mwenye gari lililobadilishwa injini.

Umeme wa gari hutoka betri upande wa chanya, ukapita kwenye waya hadi kwenye taa au pampu, ukafanya kazi, halafu lazima urudi. Kurudi hautumii waya wake peke yake. Unapita kwenye bati la bodi, na kutoka kwenye bodi kuna waya mnene unaourudisha kwenye injini na betri. Mafundi huuita waya wa athi. Huo ukiwa mbovu, kila kinachotegemea bodi kinagombania njia moja iliyobana.

Injini ya zamani ya 504 hiyo ilikuwa ya kabureta. Pampu yake ya mafuta ilisukumwa na injini yenyewe, na umeme ulihitajika kidogo tu wa kuwasha plagi. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, taa zitafifia lakini gari litakwenda. Injini ya Noah ni tofauti. Ina pampu ya umeme, nozeli na kompyuta ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Pampu ile ilifungwa athi yake kwenye bodi. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja zinavuta karibu ampea 9. Ongeza taa za nyuma, waipa na feni, na njia inayorudisha umeme inabeba mzigo ambao gari la mwaka 1979 halikuwahi kuupata pamoja na pampu juu yake. Umeme unaobaki kwa ajili ya pampu unapungua, mafuta yanapoteza msukumo, na mlimani injini inapotaka mafuta mengi inakosa.

Ndiyo maana stata ilizunguka kwa nguvu muda wote. Waya mnene wa betri ulikuwa umefungwa moja kwa moja kwenye injini, na stata imekaa kwenye injini, kwa hiyo haikuhitaji njia ya bodi. Na ndiyo maana gari liliwaka tena baada ya mama kuzima kila kitu na kukaa gizani. Halikuwa likipumzika. Lilikuwa limetuliwa mzigo.

Fundi hakugusa spana bado. Alisema dhana ni dhana mpaka ipimwe, na gari lipimwe katika hali inayolizimisha, si katika hali nzuri. Akawaomba wasubiri jioni.

Jaribio la mlimani

Jua lilipozama walitoka wote watatu hadi kwenye mlima nje ya mji. Mama aliendesha. Fundi alikaa pembeni yake na mita ya kupimia umeme mapajani, waya zake ndefu zikiwa zimepitishwa chini ya boneti na kufungwa, mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bati la bodi. Baba alikaa nyuma, mahali anapokaa mwanawe.

Kati ya hasi ya betri na bodi, mita haitakiwi kusoma zaidi ya volti 0.2 hivi, hata vitu vyote vikiwa vimewashwa. Taa zikiwa zimezimwa ilisoma zaidi ya volti 1. Mama akawasha taa kubwa, ikapanda hadi karibu 3. Akawasha waipa na feni, ikavuka 4. Taa za dashibodi zikafifia. Kwenye kona ya pili ya mlima gari likashtuka, likashtuka tena, likazima.

Baba alikaa kimya gizani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia ukimya ule.

Fundi akashuka, akachukua waya mweusi wa kubustia betri, akaubana upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha bodi. "Washa vyote, mwalimu. Panda." Gari likapanda mlima mzima na taa, waipa na feni bila kukohoa. Huko juu akautoa ule waya, wakageuka, wakashuka na kupanda tena. Likazima pale pale. Akaurudisha, likapanda.

Mara mbili ugonjwa uliondoka dawa ilipowekwa, na ukarudi dawa ilipotolewa. Hapo ndipo alipokubali kusema amejua.

Kesho yake asubuhi aliinua gari na kuukuta waya wenyewe. Injini ya Noah ilipofungwa, waya wa zamani wa athi haukufika mahali pake papya. Aliyeifunga aliuunga kwa kipande chembamba, akakikaza kwenye bodi kwa boliti moja juu ya rangi. Kwa miaka miwili kilifaa. Kisha kutu ikaingia chini ya boliti, na mtikisiko wa injini ukakata nyuzi za waya moja baada ya nyingine, zikabaki chache.

Alikwangua rangi mpaka chuma king'ae, akafunga waya mbili mpya nene, mmoja kutoka betri hadi bodi na mwingine kutoka injini hadi bodi, akapaka grisi kuzuia kutu. Kazi nzima, pamoja na vifaa, haikufikia nusu ya bei ya ile pampu iliyonunuliwa bila sababu. Jioni walirudi mlimani na mita. Vyote vikiwa vimewashwa, ilisoma volti 0.1.

Mambo ya kushika kwa mzazi mwenye gari

Kwanza, andika. Gari likizima hovyo, weka daftari ndani yake. Andika saa, kiasi cha mafuta, hali ya hewa, aina ya barabara na kila kilichowashwa, hata redio na chaja ya simu. Andika na safari ambazo halikuzima. Fundi mzuri atakushukuru.

Pili, kama injini si ya asili, mwambie fundi hivyo mwanzoni. Ugonjwa mara nyingi hukaa pale gari la zamani linapokutana na injini mpya: kwenye athi, kwenye nyaya zilizoungwa, kwenye tanki na mabomba ya mafuta, kwenye swichi ya ufunguo.

Tatu, mwombe apime kabla ya kubadilisha kifaa, na apime gari likiwa na mzigo. Gari linalozima usiku wa mvua halijakaguliwa kama limezungushwa mtaani saa 6 mchana bila taa.

Nne, mwenye mgonjwa asitegemee gari moja. Familia hii sasa ina namba za madereva wawili wa kijijini, na ndani ya gari kuna blanketi, chupa ya maji ya uvuguvugu, tochi na pembetatu ya tahadhari. Mtoto wa selimundu akiwa na homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kifua kikibana, au maumivu yakigoma kutulia kwa dawa za nyumbani, asafirishwe mara moja.

Tano, na hili linawahusu zaidi wanandoa: mwenzako akikuambia ameona jambo ambalo wewe hujaliona, usianze kwa kumkosoa. Muulize alikuwa wapi, saa ngapi, na nini kilikuwa kimewashwa. Kutokuona kwako si ushahidi kwamba halipo. Hilo ni kweli kwa gari, na ni kweli zaidi kwa mtoto anayelia usiku na kucheza mchana.

Peugeot ya babu haijazima tangu Septemba ile. Baba aliomba kiwandani apunguziwe zamu za usiku katika miezi ya baridi, akakubaliwa wiki mbili kwa mwezi, na usiku huo yeye ndiye anayeshika usukani. Daftari bado linaendelea. Upande wa mbele, kwenye safu ya maji aliyokunywa mtoto na saa maumivu yalipoanza, sasa kuna hati mbili za mkono, na ile ya baba haiandiki tena neno moja.